Taa za Kimulimuli Jukwaani

Tulikwenda kutazama mchezo wa wachimbaji katika ukumbi mmoja mjini Kolwezi, nasi twataka kusema kwanza lililo jema, kwa kuwa vijana walioutunga wanastahili. Mchezo wasimulia habari za ndugu wawili wanaochimba kobalti chini ya nyumba ya mama yao, kama watu walivyofanya kweli katika mtaa wa Kasulo tangu mwaka 2014, madini yalipoonekana chini ya viwanja vyao. Mkubwa ashuka shimoni, mdogo ashika kamba. Mwishowe udongo wamfunika mkubwa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwezi wa Juni mwaka 2019 wachimbaji zaidi ya 40 walikufa kwa kufukiwa hapa hapa Kolwezi, na jioni ile wengi ukumbini walikuwa na mtu wao wa kumkumbuka.

Nyimbo zilikuwa ndefu mno, na mnunuzi wa madini alipiga kelele tangu mwanzo hata mwisho. Hayo yatarekebishwa. Neno letu lahusu taa.

Katika sehemu ya kwanza taa zote zilizimwa, kikabaki kitaa kimoja cha kichwani mwa mchimbaji. Tukasikia nyundo, tukasikia pumzi zake. Halafu ukaja mmweko mmoja mweupe, mmoja tu, kama wa baruti inayopasuka, na ndani yake tukamwona kijana ameinua nyundo, kinywa wazi, na juu yake mkono wa mdogo wake umeikaza kamba. Mara giza. Picha ile ilibaki machoni petu gizani, wala hakuna aliyekohoa. Hapo fundi wa taa alikuwa msanii sawa na wachezaji.

Kazi ya taa hizi ni kuukata mwendo. Jicho lapewa picha, kisha giza, kisha picha nyingine. Mwendo wenyewe limenyimwa, laona vituo tu. Ujuzi huu si wa jana. Mbelgiji mmoja, Joseph Plateau, alitengeneza mwaka 1832 kisahani chenye nyufa nyembamba. Kikizungushwa mbele ya kioo, picha zilizochorwa juu yake zaonekana kutembea. (Mtu huyo aliyewafundisha wengine kuona hivyo alipofuka mwaka 1843.) Karibu miaka mia baadaye, huko Marekani, Harold Edgerton alitumia taa ya gesi: umeme walimbikizwa, kisha waachiliwa wote kwa kitambo kifupi kuliko kufumba jicho. Siku hizi vitaa vidogo vya LED vyafanya kazi hiyo kwa kuzungusha kitufe tu. Hata sinema za zamani zilikuwa hivyo. Wazee waliomcheka Matamata na Pilipili, katika filamu alizotengeneza Padre Albert Van Haelst huko Kasai miaka ya 1950, walikaa mbele ya mwanga unaokatwakatwa, wala hawakujua, kwa kuwa mashine huukata upesi kuliko jicho linavyoweza kutambua. Mambo yote ni kasi.

Basi tulipofika penye maporomoko, fundi yule yule akazungusha kitufe chake akakiacha. Taa zikamweka-mweka dakika nzima, labda mbili, zikitutazama sisi machoni. Vijana wa nyuma wakapiga mbinja kama wako baa. Kina mama wawili mbele yetu wakajifunika nyuso kwa vitenge. Na mchezaji aliyeigiza mama wa wale ndugu, ambaye awali kwa kushika tu sahani ya bukari isiyo na wa kuila alikwisha kutuuma moyo, hatukuuona uso wake hata kidogo. Tuliona mikono mia.

Twafahamu alichokusudia mtungaji: maporomoko ni fujo, basi na mwanga uwe fujo. Lakini mmweko hupata nguvu zake katika giza lililoutangulia. Ule wa kwanza ulisema neno. Wa mia hausemi kitu. Tena mwili una kumbukumbu yake. Kijana aliyeziona taa hizi mara nyingi mahali pa kucheza dansi, miguu yake yaitika kabla akili haijauliza ni nani aliyekufa. Tusimlaumu kwa mbinja zake.

Twamwomba mtungaji aitafute filamu fupi ya mwaka 2006 iitwayo Mémoire, ya Sammy Baloji wa Lubumbashi. Mchezaji Faustin Linyekula acheza katikati ya magofu ya Gécamines, na nyuma yake zasikika hotuba za wakubwa wa siasa. Huko hakuna taa ya kimulimuli. Mwili wenyewe wakatika, wasimama, waanza tena.

Lakini liko jambo lililotufanya tushike kalamu. Taa zikiendelea, mtoto wa kiume katika safu ya tatu alianguka, mwili ukakakamaa, kisha ukatetemeka. Wachezaji hawakumwona. Mtu mmoja akasema ni pepo, mwingine akataka kumtia kijiko kinywani. Kwa bahati katekista alijua: alisogeza viti, akamlaza ubavu, akamwekea koti chini ya kichwa, akangoja.

Mimweko ya kati ya 3 na 30 kwa sekunde yaweza kuamsha kifafa kwa watu wengine. Si wengi, katika wenye kifafa 100, yapata 3 tu, na zaidi ni watoto na vijana. Lakini wengine hawajui mpaka siku hiyo. Tarehe 16 Desemba 1997, huko Japani, katuni moja ya televisheni yenye mimweko mekundu na buluu ilisababisha watoto 685 kupelekwa hospitali. Uingereza washauri taa za namna hii ukumbini zisizidi mimweko 4 kwa sekunde. Sisi twaongeza: sekunde chache tu, taa zielekezwe ukutani, na watu waambiwe mlangoni kwa maandishi na kwa mdomo pia. Asiye na fedha achukue katoni ya mviringo, akate dirisha moja, aizungushe kwa mkono mbele ya taa ya kawaida. Lakini azungushe polepole, asifike penye hatari.

Mama wa mtoto alimtoa kwa mlango wa pembeni, kitenge kichwani, kana kwamba ameiba. Mjini kwetu kifafa hufichwa, na sasa mtaa mzima wamjua. Hatujamwona tena ukumbini.

Jumapili iliyofuata tulirudi, tukazikuta taa zilezile mahali palepale, bila tangazo lolote. Penye maporomoko jenereta ilizimika. (Njia ya umeme ya Inga, kilomita zaidi ya 1,700, ilifika hapa Kolwezi mwaka 1982, lakini ukumbi watumia jenereta.) Katika giza yule mdogo akakivua kitaa cha kichwani mwake, akammulika mama yake usoni. Mama hakulia. Aliitazama kamba. Ukumbi mzima ulinyamaza, na wale vijana wa nyuma pia.

Baadaye mtungaji alitujia akiomba radhi kwa kuwa mchezo uliharibika. Tukamsihi auache vivyo hivyo. Alitujibu kwamba taa zile amezikodi mpaka mwisho wa mwezi, na fedha zimekwisha kulipwa.