Pima Tena

Nyuma ya nyumba moja mjini Tanga kuna banda la mabati, na ndani yake Peugeot 404 ya mwaka 1966 ilikuwa imekaa juu ya stendi nne za chuma. Magurudumu yalikuwa yametolewa, viti vimetolewa, injini imelala pembeni kwenye meza ya mbao za mninga. Mwenye gari ni fundi mstaafu. Maisha yake yote alitengeneza magari ya watu, kila siku kukiwa na mwenye gari amesimama mlangoni akiuliza litatoka lini. Hili ni lake. Hakuna anayemuuliza, naye hajiulizi.

404 ilianza kutengenezwa mwaka 1960, umbo lake likichorwa na Pininfarina wa Italia. Kwetu Afrika Mashariki jina lake lilikuzwa na mashindano ya magari yaitwayo Safari. Nick Nowicki alishinda nayo mwaka 1963 na tena 1968, na katika kila mmoja wa miaka hiyo miwili ni magari saba tu yaliyofika mwisho, mengine yote yakiachwa njiani. Kati ya hapo, mwaka 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania. Wazee wa rika la fundi huyu wakisema Pijo, mara nyingi wanasema gari hili, na wanalisema kwa heshima ya kitu kilichowafikisha.

Kazi ilianza kwa kufungua, na kufungua kwake peke yake kunatosha kumtambulisha. Fundi mwenye haraka hutupa boliti zote kwenye karai moja. Huyu ana makopo ya maziwa ya unga, kila kopo na kipande cha karatasi: bawaba za mlango wa mbele kushoto, bampa ya nyuma, pampu ya maji. Boliti ikitoka, nati yake inarudishwa palepale kwenye uzi wake pamoja na washa, kisha ndiyo inaingia koponi. Kwenye daftari la shule anachora namna waya ulivyopita na rangi yake, kwa sababu anajua mkono utakaorudisha waya huo ni wa mwaka mwingine. Boliti iliyogoma haipigi nyundo. Anaipaka mafuta mepesi, anaigonga kidogo kichwani ili mafuta yapenye, anaenda kwenye kazi nyingine. Kesho anajaribu. Ikikataa, anaipasha moto, anaipaka tena, anaiacha. Boliti ikikatikia ndani ya bodi inakula muda kuliko siku zote hizo za kusubiri, na hilo amelijua kwa miaka mingi.

Pwani haina huruma na bati. Hewa ya chumvi huingia kwenye mashimo yasiyoonekana na kula kutoka ndani, hivi kwamba rangi ya nje inabaki nzuri huku chini yake pamebaki unga mwekundu. 404 haina chesisi ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Kwa hiyo boksi za chini ya milango zikioza, si urembo ulioharibika, ni uti wa mgongo. Hapo ndipo niliona jambo la kwanza lililonifanya nivute kigoda nikae. Kabla ya kukata hata kipande kimoja cha bati lililooza, fundi alichomelea mabomba ya chuma kukatiza nafasi za milango, pembe kwa pembe. Ukikata boksi bila kuikamata bodi kwanza, gari linalegea katikati bila wewe kuona, na siku ya kufunga milango utakuta hakuna mlango unaokaa. Kisha akapima kwa utepe kutoka pembe moja hadi nyingine, kushoto na kulia, akaandika. Baada ya kukata alipima tena. Namba zilikuwa zilezile.

Bati jipya linaanzia kwenye katoni. Anakata karatasi ngumu ya boksi, anaiweka pahali pake, anaipunguza kwa mkasi, anairudisha, mpaka ikae bila kusukumwa. Ndipo anaichora juu ya bati la milimita moja. Kukunja anakunja kwa mkono: bati limebanwa kati ya vyuma viwili vya pembe, na nyundo ya mti inalishusha kidogokidogo kutoka ncha hadi ncha, ikirudi na kwenda, kamwe si kwa pigo moja. Nyundo ya chuma huliacha bati na makovu na kulirefusha. Kuchomelea nako ni kwa vituo. Nukta moja huku, nukta ya pili kule mwisho, ya tatu katikati, kisha anangoja chuma kipoe mpaka aweze kukishika kwa kiganja. Anayeunganisha mstari mzima kwa pumzi moja anapata bati lililojikunja kama jani kavu, na atamaliza puti ya kopo zima kulificha. Ndani ya boksi, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika tena baada ya kufungwa, alipaka praima ya zinki, akaacha tundu dogo chini ili maji ya mvua yapate pa kutokea.

Rangi nitaipitia haraka, ingawa yeye hakuipitia haraka. Puti ni nyembamba, ya kusawazisha tu. Msasa unazungushiwa kibao, kwa sababu vidole vitupu hufuata bonde na kulichimba zaidi. Juu ya praima anapuliza vumbi jepesi la rangi nyeusi, halafu anasugua kwa msasa wa maji: palipoinuka weusi unaondoka, palipobonyea unabaki, na bodi yenyewe inamwonyesha makosa yake. Masika yote hakugusa bunduki ya rangi. Hewa ikiwa na unyevu, rangi inayokauka haraka hupata ukungu mweupe unaoua mng'ao wake wote. Alingoja mvua ziishe, akangoja tena asubuhi ipande hadi umande ukauke, akamwaga maji sakafuni kulaza vumbi. Rangi ni nyeupe ya maziwa, ileile iliyopatikana chini ya zulia la zamani.

Lakini moyo wa kazi hii ulikuwa mezani, kwenye injini.

Injini ya 404 ina slivu za maji, yaani kila silinda ni bomba la chuma linalotoka zima, na maji ya kupoozea yanaligusa kwa nje. Kipenyo ni milimita 84, mwendo wa pistoni milimita 73, na silinda nne zinafanya jumla ya sentimita za ujazo 1618. Uzuri wake ni kwamba slivu zikilika, bloku haiendi kwa mchongaji. Unatoa slivu na pistoni zake, unaweka seti mpya. Hilo ni jema kwa bara lenye barabara ndefu na karakana chache, na naamini ni sababu mojawapo ya magari haya kudumu kwetu. Ugumu wake uko kwenye kipimo cha unywele. Kila slivu lazima isimame juu ya uso wa bloku kwa sehemu ndogo sana ya milimita, na zote nne zisimame sawa. Ikizama, gasketi ya silinda hedi haiibani na maji yanaingia kwenye mafuta. Ikizidi mwenzake, hedi inakaa upande. Kinachoamua ni pete nyembamba ya kuziba inayokaa kwenye kitako cha slivu, nayo huuzwa kwa unene tofauti.

Basi anaanza na kitako. Ndani ya bloku, pale slivu inapokalia, kumejaa magadi na kutu ya miongo. Anakwangua kwa kijiti cha mti mgumu, si kwa bisibisi, kwa kuwa mkwaruzo mmoja wa chuma ni njia ya maji. Anafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, anamulika kwa tochi, anafuta tena mpaka kitambaa kitoke cheupe. Punje moja ya magadi ingetosha kuinua slivu na kukidanganya kipimo. Kisha anaweka slivu kavu, anaibana, anasimamisha saa ya kupimia juu ya bloku, na ncha yake anaitelezesha taratibu kutoka bloku kupanda kwenye ukingo wa slivu. Sindano inasogea. Anasoma pande nne za kila slivu na kuandika. Mjukuu wake, kijana anayesoma ufundi, alikuwa ameshashika spana.

"Babu, tukaze?"

"Bado. Pima tena."

Slivu ya tatu ilikuwa imepishana kidogo na wenzake. Aliitoa, akaizungusha robo, akairudisha, akapima. Akabadilisha pete, akapima. Jua lilikuwa limehama kutoka upande mmoja wa banda hadi mwingine. Ziliposimama sawa, alizikandamiza kwa vyuma na washa pana zilizofungwa kwenye matundu ya boliti, maana ukizungusha krenkishafti bila hedi juu, pistoni inainua slivu na pete ya chini inakatika, na kazi yote inaanza upya.

Hedi ni ya aluminiamu. Aliweka rula nzito ya chuma juu ya uso wake kwa pembe zote na kujaribu kupitisha filagaji chini yake. Valvu alizisaga kwa mkono: kidogo cha unga wa kusagia kwenye ukingo, fimbo yenye mpira wa kunyonya, viganja viwili vikiisokota fimbo huku na huku, kila mara akiinua na kugeuza valvu ili isizoee mahali pamoja. Sauti inabadilika. Mwanzoni inakwaruza, baadaye inalainika, naye anajua kwa sikio wakati wa kufuta na kutazama. Anachotafuta ni mviringo wa kijivu usiokatika hata mahali pamoja. Akiupata, anafunga valvu na springi zake, anamimina mafuta ya taa kwenye njia za hewa, na kuiacha hedi mezani usiku kucha. Asubuhi, chini ya valvu, pakavu.

Kuna kifaa kwenye gari hili ambacho mafundi wengi walikiua: feni inayojizima yenyewe. Kitovu chake kina sumaku ya umeme. Maji yakipata moto kiasi, swichi ya joto inapitisha umeme, sumaku inaikamata feni, nayo inazunguka na injini. Maji yakipoa inaachiliwa. Ilipoharibika, watu waliifunga moja kwa moja kwa boliti. Yeye alibadilisha kaboni iliyokwisha, akasafisha pete inayogusana nayo, akarekebisha mwanya wa sumaku kwa filagaji. Difu nayo ina tabia yake, kwa kuwa haina meno ya kawaida bali skrubu ya chuma inayosukuma gurudumu la shaba nyeusi. Mafuta yaliyochanganywa dawa kali kwa ajili ya difu za kisasa yanaweza kuila shaba hiyo. Enzi zake ilitumia mafuta yenye asili ya mbarika, na fundi anachagua mafuta ya kumwaga humo kwa uangalifu uleule anaoutumia kupima slivu.

Wapo wanaoitoa injini nzima na kuweka ya Toyota. Siwalaumu; mtu ana familia na gari lazima litembee kesho. Fundi huyu pia anaboresha, ila ana kanuni: kinacholinda uhai kibadilishwe, na kisionekane. Breki za dramu za mbele zimeondoka. 404 za miaka ya mwisho zilitoka kiwandani na diski mbele, basi alitafuta gari lililokufa la toleo hilo na kuchukua seti nzima, hubu, kalipa, masta silinda na busta, akijua kwamba kuchanganya masta silinda ya zamani na kalipa mpya ni kutengeneza pedali isiyoaminika. Dainamo imepisha altaneta. Taa za mbele zina balbu kali zaidi, lakini umeme wake unapita kwenye rilei zilizofichwa nyuma ya rejeta, ili swichi ya zamani isibebe mzigo usiokuwa wake. Ndani ya disibyuta, platina imepisha kifaa cha kielektroniki, na platina yenyewe na kondensa yake vimefungwa kwenye karatasi ya mafuta na kuwekwa kwenye kisanduku cha dashibodi. Akikwama Segera usiku, atavirudisha kwa bisibisi. Mikanda ya viti imefungwa kwenye mabamba aliyoyachomelea wakati sakafu ingali wazi. Mwaka mzima kabla ya kuinunua mikanda, alishaitengea mahali.

Siku ya kuwasha ilikuwa fupi. Aliizungusha kwanza bila plagi mpaka mafuta yalipofika juu kwenye roka, akateremsha plagi kwenye mabomba yao marefu, akawasha. Ilipopata joto feni ilishika kwa mshindo mdogo, akatikisa kichwa, akazima. Hakuendesha. Injini iliachwa ipoe hadi kesho yake, hedi ikakazwa upya kuanzia katikati kuelekea nje, kwa spana ya kipimo, na tapeti zikapimwa zote nane.

Sasa kimebaki kioo cha mbele. Mpira wake mpya ni mgumu, naye ameuanika juani ulainike. Kitaingia mchana, jua likiwa kali: kamba imezungushwa kwenye mfuo wa mpira, maji ya sabuni yamepakwa ukingoni, mjukuu na jirani wanasukuma kwa viganja kutoka nje, na yeye, ndani ya gari, anavuta kamba akianzia chini katikati, kiasi cha kidole kwa kila mvuto.