Mwana hiti si mwanasesere

Waandishi wengi wanaoeleza mwana hiti wa Wazaramo, katika pwani ya Tanzania, humwita mwanasesere. Jina hilo halimtoshi, maana mwanasesere ni wa kuchezewa. Mwana hiti, awe wa mti au wa kibuyu kidogo kilichokaushwa, pengine na kuvishwa shanga, hukabidhiwa mwali aliyewekwa ndani, naye humtunza kama mtoto kwa kutumainia uzazi. Vitabu vya sanaa navyo huonyesha zaidi wale wa mti, kwa kusifu mkono wa mchongaji. Kibuyu hutajwa kwa nadra. Kwetu kosa ni moja: umbo limetazamwa, kazi imesahauliwa. Mbele ya mwali, kibuyu na mti ni sawa: vyote ni mwana. Mfasiri aliache jina hilo lilivyo, kisha alifafanue.