Mgomba Mlangoni

Pambo la mlango wa kwetu Igurwa halimalizi wiki mbili. Hunyauka, likageuka rangi ya udongo, likalala, kisha likatupwa shambani liwe mbolea. Nimeishi mjini miaka mingi na nimeona milango inayovishwa mashada ya plastiki, yale yanayotolewa kwenye boksi kila Desemba na kurudishwa humo kila Januari, hayazeeki wala hayabadiliki. Hata hivyo, nikiulizwa pambo zuri ni lipi, jibu langu ni lile la kijani lililokatwa jana jioni.

Igurwa ni kata ya Wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera. Mwaka 2012 Kyerwa ilipomegwa ikawa wilaya yake, mipaka ya ofisi ilibadilika, lakini shamba la migomba ni lile lile huku na huku: nyumba katikati, migomba imeizunguka, na kijia kinapita chini ya majani mpaka uani. Mgeni haioni nyumba kwa mbali. Anatembea kwenye kivuli, mara anatokeza, na kitu cha kwanza anachokutana nacho uso kwa uso ni mlango. Ndani atapewa kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri ikakaushwa. Pengine atakuta sakafu imetandikwa nyasi mbichi. Lakini kabla mtu hajamwambia karibu, mlango umekwisha kumwambia.

Ndiyo maana sikukuu kwetu huanzia nje. Inapokaribia Noeli, migomba miwili huchomekwa mlangoni, mmoja kulia na mmoja kushoto, majani yake yakainamiana juu na kufanya tao. Kwenye harusi huchaguliwa iliyobeba mikungu, kwa kuwa harusi ni jambo la kuonyesha neema mbele ya ukoo mzima. Noeli ya nyumbani haihitaji makubwa hayo. Bibi yangu alitumia machipukizi tu.

Hapo ndipo akili ya ufundi huu ilipo, na sijui kama wanaopita na kusifu mlango huiona. Mkulima wa migomba hufundishwa kubakiza mitatu katika kila shina: mama, mtoto na mjukuu. Mengine yote huondolewa, la sivyo shina linasongamana na mikungu inadhoofika. Machipukizi hayo yangetupwa kwa vyovyote. Bibi alipopunguza shamba wakati wa mvua za vuli aliyaacha mawili, yanayolingana kimo, yenye majani mapana yasiyochanwa na upepo. "Hayo ni ya Noeli," alisema, nasi watoto tukajua hapaguswi. Pambo lake halikumgharimu hata senti moja wala halikulipunguzia shamba chochote. Lilikuwa ziada ya kazi njema iliyofanywa kwa wakati wake.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili alinikabidhi kazi hiyo kwa mara ya kwanza. Kwa hamu niliyokuwa nayo nikayakata tarehe 22, asubuhi, nikayasimamisha vizuri sana, nikasifiwa. Mchana jua likawaka. Jani la mgomba likipata joto hujikunja, pande zake mbili zikashuka kama mabawa ya kuku aliyenyeshewa, na hiyo ni namna yake ya kutunza maji. Lenye mizizi jioni hujikunjua. La kwangu halikuwa na mizizi. Usiku wa mkesha tulitoka kwenda kanisani tukipita katikati ya vitambaa viwili vilivyoning'inia. Bibi hakunikemea. Mwaka uliofuata alinishika mkono tarehe 24, jua likiwa limeinama, akanionyesha: kata jioni, chimba shimo la kina cha mkono mpaka kiwiko, mwagia maji, simamisha, shindilia udongo uleule uliolowa, na uondoe majani ya chini ili maji kidogo yaliyomo kwenye shina yatoshe majani ya juu. Ya mwaka huo yalikuwa bado yamenyooka Mwaka Mpya.

Siku hizi nimeongeza jambo moja ambalo bibi hakulihitaji. Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria uliripotiwa Kagera, ugonjwa unaogeuza majani kuwa ya manjano na kuivisha ndizi kabla ya siku zake, na shina lake likikatwa hutoa utomvu wa njano. Huenezwa na wadudu wanaotembelea ua dume la mgomba, na huenezwa na panga. Panga lililokata mgomba mgonjwa likigusa mzima, basi, nao umeambukizwa. Kwa hiyo anayekata mgomba wa pambo leo hupitisha panga motoni kwanza, au hulitumbukiza kwenye jiki, hukata katika shamba lake mwenyewe na hachukui mgomba wa kijiji hiki kwenda kuupamba mlango wa kijiji kile. Nawaomba vijana wanaokodishwa kupamba kumbi wasilione hili kama jambo dogo. Mahali ambapo chakula cha kila siku ni ndizi, uzuri wa jioni moja hauwezi kulipwa kwa shamba zima.

Baada ya migomba huja shada la kwenye ubao wa mlango. Kiini chake ni majani makavu ya mgomba, yale yanayoning'inia kwenye shina na kulia yakipigwa na upepo. Yanyunyuzie maji, yasokote yawe kamba nene kama kifundo cha mkono, kisha iunganishe iwe pete. Kamba ya kufungia imo shambani humo humo: ganda kavu la nje la mgomba, ukilichana kwa urefu na kulilowesha kidogo, halikatiki hata ulivute kwa meno. Juu ya pete hiyo hufungwa vitawi vya msaipresi, ambao kwetu wengi huuita tu mti wa Krismasi, vikielekezwa upande mmoja vyote, kama manyoya ya ndege. Anayeanza huvichomeka huku na huku, na shada lake huonekana kama kiota. Jani bichi la mgomba nalo hutumika, lakini libabue kwanza juu ya moto, kama ufanyavyo ukitaka kufunikia chakula. Likishalainika unaweza kulikunja liwe ua bila kupasuka. Lisipobabuliwa hupasuka kufuata mishipa yake. Na hilo pia lina faida, kwa maana ukitaka nyuzi za kuning'inia, ukucha wa kidole gumba unatosha.

Utotoni mwangu mapambo ya dukani hayakuwa mengi. Kurasa za madaftari yaliyokwisha zilikatwa vipande, zikaunganishwa pete kwa pete kwa gundi ya uji wa muhogo. Nyingine zilitiwa kwenye maji ya bluu ya kufulia, zikatoka na rangi ya anga. Kalenda ya mwaka unaokwisha ilikuwa hazina: shangazi aliikata pembetatu ndefu nyembamba, akaviringisha kila moja kwenye kijiti kuanzia upande mpana, ikawa shanga yenye rangi zake katikati. Shanga hizo alizitunga kwenye nyuzi alizozifumua kutoka mfuko wa salfeti, akatengeneza pazia la mlango. Ukipita lilichakarika. Mtu aliyekuwa jikoni alijua mgeni ameingia kabla hajabisha hodi. Miezi ya mwaka mzima, siku za mnada, siku za misa, siku ya msiba ulioandikwa pembeni kwa kalamu, yote yalikuwa yameviringishwa humo mlangoni, nasi tukiyapenya kwa mabega.

Kulikuwa pia na pamba iliyobandikwa kwenye vitawi kuwa theluji. Sikuipenda utotoni na siipendi hata sasa. Karagwe Desemba ni mwezi wa mvua na maharage. Uzuri wake ni majani yanayong'aa maji. Mlango wa Igurwa useme habari za Igurwa.

Lakini nisije nikaeleweka kwamba nakataa kila kilichotoka mbali. Shada la Majilio, lenye mishumaa inayowashwa kuhesabu majuma kabla ya Noeli, lilianzishwa na mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, mwaka 1839 mjini Hamburg, Ujerumani. Alikuwa akilea watoto maskini katika nyumba iliyoitwa Rauhes Haus, nao walimsumbua kila siku kumuuliza Krismasi ni lini. Akachukua gurudumu kuukuu la mkokoteni, akalipanga mishumaa midogo myekundu kwa siku za kawaida na mikubwa minne myeupe kwa Jumapili nne. Gurudumu kuukuu! Mlutheri wa Karagwe, ambako kanisa lake limekuwa dayosisi tangu mwaka 1979, anayesokota pete yake kwa majani makavu ya mgomba, yuko karibu zaidi na Wichern kuliko anayenunua duara la plastiki. Vivyo hivyo jamaa wenye asili ya Kigujarati katika miji ya Ziwa, ambao kwenye Diwali hutunga majani ya mwembe kwenye uzi na kuyapitisha juu ya mlango. Wana fedha za kununua dhahabu bandia, nao wanachuma majani.

Pwani wana milango yao ya Zanzibar, iliyochongwa kwa patasi na kuwekwa njumu za shaba, na sifa zake zimeandikwa vitabu kwa vitabu. Inastahili. Mlango ule huchongwa mara moja, ukasema utajiri wa aliyeujenga kwa watoto wa watoto wake. Wa kwetu ni ubao wa mkaratusi uliofungwa kwa bawaba mbili, mwaka mzima hausemi neno. Husema pale mtu anapokata, anaposokota na kufunga, na mwaka ujao itabidi mtu afanye tena. Hapo ndipo ninapoupendea ufundi huu: hauwezi kurithiwa kama kitu, hurithiwa kama kazi tu. Bibi hakuniachia hata pambo moja. Aliniachia saa ya kukata na kina cha shimo.

Liko pambo moja tu linalokaa mlangoni mwaka mzima, nalo ni la mkindu. Jumapili ya Matawi, wiki moja kabla ya Pasaka, watu huenda kanisani na makuti machanga yasiyochanua bado, yenye weupe wa maziwa. Wakati wa ibada ndefu vidole haviwezi kutulia. Unachukua ukuti mmoja, unaupasua, unakunja nusu moja juu ya nyingine mara nne mpaka kinatokea kifundo cha mraba, unavuta ncha pande zote, na msalaba umekamilika bila sindano, bila uzi. Bibi aliweza kuusuka bila kuutazama, macho yake yakiwa kwa padri. Ukifika nyumbani huchomekwa juu ya fremu ya mlango. Aprili ni mweupe, Juni umepauka, Desemba umekuwa rangi ya chai na uko pale juu wakati migomba mipya inasimamishwa chini yake. Kwaresima ikikaribia hushushwa, hupelekwa kanisani, huchomwa pamoja na mingine, na Jumatano ya Majivu majivu yake hupakwa kwenye vipaji vya nyuso.

Noeli iliyopita nilikuwa nyumbani. Nilikata tarehe 24, saa kumi na moja jioni, panga nikiwa nimelipitisha motoni mara mbili. Mpwa wangu wa miaka tisa alichimba shimo la kushoto, mimi la kulia. Lake lilikuwa fupi, tukalirudia. Migomba ilisimama siku kumi na moja. Msalaba wa mkindu juu ya mlango ulikuwa wa mama yake.