Mzigo Umefika, Lakini Je, Umekabidhiwa? Istilahi za Ugavi na Biashara ya Mtandaoni

Tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini Tanzania, istilahi haiwezi tena kuhesabiwa kuwa pambo la tafsiri. Neno likishaingia katika kanuni au mkataba, hakimu hulipima kama lilivyo, naye mwenye mzigo uliopotea huweza kupata au kukosa haki yake kwa neno hilo. Kwa sababu hiyo yafaa tuyatazame kwa jicho kali maneno yanayotumika sasa katika ugavi na katika uuzaji wa bidhaa kwa njia ya kompyuta na simu. Fani hii imekua upesi kuliko kamusi zetu, na sehemu kubwa ya istilahi zake imefasiriwa na watu wenye haraka.

Tuanze na jina la fani yenyewe. Magazetini limeenea jina "biashara mtandao". Kwa sikio ni zuri, fupi, na linafuata njia ya kuunda maneno tunayoijua. Lakini mitaani "biashara ya mtandao" ina maana nyingine kabisa: ni ile ambayo mtu huingia, akawaandikisha wengine chini yake, kisha akapata kamisheni kutokana na mauzo yao. Mtandao huo ni wa watu, si wa kompyuta. Hivyo tofauti baina ya dhana mbili zisizohusiana imeachiwa "ya" moja tu, ambayo msemaji huimeza na mpiga chapa huisahau. "Biashara ya mtandaoni" ni bora, kwa kuwa kiambishi cha mahali kinaonyesha pale biashara inapofanyikia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imepita njia ya neno "kielektroniki", ambalo ni zito mdomoni lakini halina utata. Haya mawili yaweza kukaa pamoja. Hilo la kwanza ndilo la kuachwa.

"Mnyororo wa ugavi" limekwisha kuota mizizi, na wapo wanaolipinga kwa hoja kwamba mnyororo unanuka utumwa. Hoja hiyo haina nguvu. Baiskeli ina mnyororo, na hakuna anayeikumbuka pwani ya karne ya 19 anapoipanda. Ubaya wa neno hili ni mwingine: linaposimama peke yake humfanya mwandishi afikiri kwamba kila tatizo ni la kukatika. Mwezi Machi 2021 meli Ever Given ilipokwama katika Mfereji wa Suez kwa siku sita, ilikuwa rahisi kuandika kwamba mnyororo umekatika. Hapakukatika kitu. Meli zilipanga foleni, makontena yakachelewa, na bandari zikaja kupokea kwa mkupuo mizigo iliyopaswa kufika kidogo kidogo. Hayo ni mambo ya mtiririko. Pendekezo langu ni kwamba "mnyororo" libakie kwa watu na mikataba, yaani mzalishaji, mgavi, msafirishaji na muuzaji walivyoungana, na "mtiririko" litumike kwa mwendo wa bidhaa na taarifa. Mfasiri akiwa na maneno mawili ataacha kulitwisha moja mizigo yote.

Neno "ugavi" nalo lina historia yake. Linatokana na kugawa, na liliifaa vizuri nchi ambayo bidhaa zilishuka kutoka kampuni ya biashara ya mkoa hadi duka la kijiji, kila mmoja akipewa fungu lake. Katika biashara ya mtandaoni mwendo unaanzia upande wa pili, kwa mnunuzi anayebonyeza simu, na ghala huitika. Hata hivyo nisingependa lifukuzwe. Lina watumishi wake, vyuo vyake na bodi yake ya kitaaluma, na maana yake imekwisha kupanuka. Neno likishapata mshahara serikalini huwa gumu kulistaafisha.

Hatari kubwa zaidi iko katika neno ambalo hakuna anayelishuku, nalo ni "mwagizaji". Forodhani mwagizaji ni yule anayeingiza bidhaa nchini na kuwajibika kwa ushuru. Katika duka la mtandaoni mwagizaji ni yeyote aliyeagiza, hata kama ameagiza jozi moja ya viatu. Sasa tumtazame mnunuzi wa Mwanza anayeagiza vifaa vya simu kutoka Guangzhou kupitia kwa wakala aliyeko Kariakoo. Wakala hukusanya mizigo ya wateja wengi katika kontena moja na kuigomboa kwa pamoja. Katika masharti yaliyofasiriwa tunasoma kwamba "mwagizaji atawajibika kwa tozo zote". Mwagizaji yupi? Mfasiri aliyejiuliza swali hili angeandika "mwingizaji bidhaa" kwa yule wa forodhani na "mteja aliyetoa agizo" kwa yule wa Mwanza. Maneno yanaongezeka, lakini ugomvi unapungua.

Hapa ndipo tunapofika penye kiini cha makala haya. Teknolojia mpya haikubadilisha tu kasi ya mzigo. Imeigawa safari yake katika hatua ambazo kila moja huandikwa. Msimbomilia, ambao ulisomwa dukani kwa mara ya kwanza katika mji wa Troy, Ohio, mwezi Juni 1974, ulikuwa wa kumwezesha karani wa fedha kutopiga bei kwa mkono. Leo msimbo kama huo husomwa mzigo unapoingia ghalani, unapotoka, unapopakiwa na unapoteremshwa, na kila usomaji huweza kuleta ujumbe katika simu ya mteja. Ujumbe huo ni ushahidi. Nao, katika Kiswahili tunachokisoma, hatua tatu au nne tofauti huitwa kwa jina moja: "umewasilishwa". Mzigo umewasilishwa ghalani, umewasilishwa kwa msafirishaji, umewasilishwa kwa mteja. Kuwasilisha ni kukifanya kitu kiwasili, au kukitoa mbele ya mtu kama hoja inavyowasilishwa bungeni. Hakusemi lolote kuhusu mkono uliokipokea.

Ajabu ni kwamba lugha haikupungukiwa. Bandarini tuna kupakia, kupakua, na neno zuri la kugomboa ambalo wafasiri wengine wameanza kulikwepa kana kwamba ni la mitaani. Katika ofisi za vifurushi za mabasi, karani hukata risiti, huandika jina na namba ya simu ya mpokeaji, na siku ya pili mpokeaji huonyesha kitambulisho na kutia sahihi daftarini kabla ya kukabidhiwa. Kukabidhi ndilo neno lenyewe. Limetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu na "stakabadhi", mzizi wenye maana ya kushika mkononi, na uhusiano huo wa maneno ndio uhusiano wa kisheria: kilichokabidhiwa kina stakabadhi, na kisicho na stakabadhi bado kiko juu ya aliyekibeba.

Mkulima wa korosho wa Mtwara anaijua habari hii pengine kuliko mfasiri wa Dar es Salaam. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 ilimletea istilahi isiyohitaji semina: umeweka mzigo ghalani, unayo stakabadhi. Katika msimu wa 2024/2025 minada ya korosho ilipoendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, chombo kilibadilika na neno likabaki. Hiki ni kipimo kizuri cha istilahi: iweze kuvuka kutoka karatasi hadi kompyuta bila kubadili maana yake.

Tuupime basi utaratibu wa kampuni ya Amazon, ambayo mchukuzi wake huweza kuuacha mzigo mlangoni na kuupiga picha. Picha hiyo inathibitisha kwamba mzigo ulifikishwa. Haithibitishi kwamba ulikabidhiwa. Kiingereza kinatumia neno moja kwa hali zote mbili, na mfasiri mtiifu hulifuata. Kiswahili kinayo mawili, na kuyaunganisha ni kumnyang'anya mteja hoja ambayo lugha yake ilikwisha kumpa. Napendekeza "kufikishwa" litumike mzigo ukifika mahali palipoandikwa, na "kukabidhiwa" litumike pale tu ambapo mtu amepokea kwa sahihi, kwa namba ya siri iliyotumwa kwenye simu yake, au kwa njia nyingine inayomhusisha yeye mwenyewe. "Kuwasilishwa" lirudi kwenye hoja na ripoti.

Yako mengine ya kupita upesi. "Msimbomilia" ni istilahi ya kupigiwa mfano, maana yeyote amjuaye punda milia huielewa; lakini isitumiwe kwa ule msimbo wa vijiraba uliobuniwa Japani mwaka 1994, ambao hauna mlia hata mmoja. "Msimbomiraba" lingetosha. "Ndege nyuki" inafaa kwa chombo kidogo kinachovuma juu ya kiwanja, ingawa zile zilizoanza kupeleka damu hospitalini Rwanda mwaka 2016 zina mabawa na huangusha mzigo kwa mwavuli, na nyuki hafanyi hivyo. "Lojistiki" nisingelikataa. Wizara ya Uchukuzi ipo na uchukuzi ni neno letu, lakini halibebi kuhifadhi, kuhesabu na kupanga. Ila maofisini, "lojistiki za mkutano" sasa ni chai, magari na posho, na mwalimu hana budi kuwatahadharisha wanafunzi wake.

"Maili ya mwisho" haina utetezi. Sisi hupima safari kwa kilomita, na hatua hiyo yaweza kuwa mita mia mbili za uchochoro au kilomita thelathini za vumbi. Ugumu wake si urefu, ni kuipata nyumba, na ndiyo maana utaratibu wa anwani za makazi uliotiliwa mkazo mwaka 2022 unaihusu moja kwa moja. "Ufikishaji wa mlangoni" unaitaja kazi yenyewe. Linalobaki bila jina ni hali ya mzigo uliofikishwa kwenye mlango usio wake. Wasomaji walio forodhani, maghalani na katika ofisi za vifurushi wanaombwa watuandikie neno wanalolitumia huko.