Mchoraji Anayemwachia Mtoto Nafasi

Fundi ninayemsifu hapa ni mchoraji wa vitabu vya watoto. Huyu ndiye mwalimu wa kwanza wa sanaa kwa watoto wengi, hata sanaa ya filamu.

Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 24 au 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa ikatoa kurasa 8 au 16 kwa mara moja. Ndani ya mipaka hiyo mchoraji hupanga kisa kizima. Anaamua fisi aonekane kwa mbali au uso wake ujaze ukurasa. Anachora mkia tu pembeni, ili mtoto afunue haraka aone mwenye mkia. Mwongozaji wa filamu naye mara nyingi hufanya hivyohivyo: huchora matukio yake kwa mfuatano kabla ya kushika kamera. Mtoto aliyezoea kufunua kurasa hizo ameanza kujifunza kazi hiyo bila kuambiwa.

Rwanda inaijua thamani ya ufundi huu. Mwaka 1995 Agnès Gyr-Ukunda alianzisha Éditions Bakame, wachapishaji wa vitabu vya watoto kwa Kinyarwanda, wakabeba jina la sungura mjanja wa ngano. Mwaka 2008 walipata tuzo ya kimataifa ya IBBY-Asahi kwa kueneza usomaji. Nayo Hillywood, tamasha la filamu lililoanzishwa na Eric Kabera mwaka 2005, limepeleka sinema mpaka vilimani. Lakini skrini hukunjwa ikaondoka. Kitabu hubaki, kikarudiwa mpaka mtoto atake kutunga chake.

Hamu hiyo haiji kwa mahubiri. Kitabu kinachomwambia mtoto apende sanaa humchosha. Kinachomwamsha ni kile kinachomwonyesha bibi akifinyanga imigongo, sanaa ya jadi ya Rwanda, kwa samadi ya ng'ombe na majivu, kisha akiipaka nyeusi, nyeupe na nyekundu. Mtoto huona kwamba malighafi ya sanaa ipo nyumbani. Kesho yake atachora ndege kwenye pembe za daftari, kila ukurasa bawa limesogea kidogo, kisha aachie kurasa zipite upesi chini ya kidole gumba. Ndege ataruka. Sinema yenyewe, kwa picha zake 24 kila sekunde, inategemea siri hiyohiyo.

Mtaa wetu wa Biryogo, Kigali, una haki ya kudai vitabu vya namna hii kwa Kiswahili. Hapa lugha hii ilikuwa ya sokoni, ya msikitini na ya nyumbani kwa vizazi kadhaa kabla haijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Watoto wetu wanastahili kuyaona mabaraza yetu, birika zetu za chai ya tangawizi na kanzu za Ijumaa zikiwa zimechorwa kwa mkono wenye ujuzi. Kwa hiyo wachapishaji wamtafute mchoraji mapema, kisa kikiwa bado kinatungwa, wamlipe inavyostahili, na jina lake likae jaladani sambamba na la mwandishi.