Kabla Hujausifu Mzinga, Funua Mfuniko

Kwenye maonyesho ya Nane Nane mwaka huu watu walijazana mbele ya mzinga wa viunzi uliopakwa rangi ya bluu, nje na ndani. Waliusifu, wakaupiga picha, wakaulipia. Hakuna aliyefunua mfuniko. Iliniudhi, maana mnunuzi atautundika shambani kwake, nyuki wataingia, na siku ya kurina atadhani kosa ni la nyuki.

Mzinga mzuri haupakwi rangi ndani. Nyuki wanataka harufu ya mti mkavu, nta na gundi yao wenyewe. Mbao ziwe za mninga. Paini iliyokauka vizuri inavumilika, ila haina heshima. Kuta ziinamie ndani kadiri zinavyoshuka, ili kupunguza masega kugandishwa ubavuni.

Lakini linalowapita wengi ni upana wa kiunzi, ule ubao mwembamba wa juu ambao nyuki huning'iniza sega. Nyuki wetu hujenga masega kwa umbali wa milimita 32, kutoka kati ya sega hadi kati ya lile linalofuata. Nyuki wa Ulaya ni wakubwa zaidi, huchukua 35 hivi, na wapo mafundi wanaonakili kipimo hicho. Milimita tatu zitamdhuru nani? Sega la kwanza litakaa katikati ya kiunzi, la pili litasogea kidogo, na ukihesabu viunzi kumi tofauti imefika milimita 30, karibu kiunzi kizima. Kabla ya hapo nyuki wameshapinda, wakafunga viunzi viwili vitatu kwa sega moja. Ukiinua kimoja unachana vyote: asali inamwagika, majana yanapondeka, kundi zima linakuvamia, na usiku siafu wanafuata harufu.

Kwa hiyo banisha viunzi kumi pasipo mwanya, upime: sentimita 32. Rudia kwenye ncha ya pili, kwani kiunzi kilichopasuliwa kwa haraka huwa kipana upande mmoja. Kisha geuza kila kiunzi, mstari wa nta wa kuwaongoza nyuki upite katikati kabisa, umenyooka.

Mzee mmoja wa Sikonge alikuwa na kipande cha chuma chenye pengo la milimita 32. Kila kiunzi kilipita humo. Kilichokwama kilirudi kwenye randa, kilicholegea kilitupwa jikoni kikawa kuni. Mbao zake alizianika kiangazi kizima kabla ya kuzigusa. Siku hizi mti unapasuliwa mbichi na mzinga unauzwa wiki hiyo hiyo. Viunzi vikisinyaa, mianya inafunguka na kipimo kimekufa. Hata wazee wa mizinga ya magome, wasio na futi, walikagua kila mshono kwa vidole kabla ya kusema neno. Najua gome likivuliwa mti hufa, wala siombi turudi huko. Ninachokitamani ni ule ukaguzi.

Jihadhari pia na mzinga unaouzwa na nyuki wake. Nimemwona muuzaji akipaka asali mlangoni asubuhi ya soko. Nyuki wapita njia wakajaa, wateja wakaamini kundi limeingia. Simama pembeni, utazame miguu ya wanaotua. Kundi lililohamia na kuanza kulea huleta chavua, vidonge vya njano au vya kahawia vinavyoonekana wazi. Wanaofuata asali ya bure hutua miguu mitupu, wakashiba, wakaenda zao.