Juisi Isiyongoja Kesho

Ndizi mbivu ukizitia kwenye mashine ya kusagia matunda, unapata uji mzito. Ongeza maji upendavyo, utapata uji mwepesi. Juisi hupati. Lakini mkamuaji wa Kasulu au Buhigwe, huko nyanda za juu za Buha mkoani Kigoma, huzikanda ndizi kwa mikono pamoja na nyasi, na juisi ikachuruzika, angavu, tamu kuliko soda yoyote, bila kutiwa tone la maji. Ufundi huo haujapewa sifa unazostahili.

Kazi huanzia mgombani. Hazitafutwi ndizi za kupika bali zile zenye ukakasi, ambazo zikiwa mbichi hukausha ulimi. Mkungu hukatwa ukiwa umekomaa, ndizi zikafukiwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba, na wengine huingiza moshi ili joto lipande. Hapa saa ya ukutani haisaidii, jicho na pua ndivyo hupima. Ndizi ikiwahi kutolewa hunyima maji, ikizidi kuiva hubaki urojo.

Zikishamenywa, hutiwa kwenye mtumbwi wa gogo lililochongwa, ndugu wa ile ya wavuvi wa Ujiji, ila huu haujawahi kuona ziwa. Zinarundikwa nyasi kavu, ngumu, za aina ya kuezekea nyumba, kisha mikono inaanza. Mwanzoni kila kitu kinanata. Mtu asiyejua angekata tamaa hapo. Fundi anaendelea kubonyeza na kugeuza, taratibu, mpaka povu linajitokeza, makapi yanang'ang'ania nyasi, na maji ya ndizi yanajitenga chini. Mashine husaga mno; nyasi hupasua nyama ya ndizi bila kuimaliza, kisha hugeuka chujio. Kifaa kimoja, kazi mbili, na kinaota bure.

Warundi na Wanyarwanda huita juisi hii umutobe, Waganda huita omubisi. Ndizi yenyewe ni mgeni wa kale kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, lakini huku Maziwa Makuu imepata mafundi wa namna yake.

Baada ya kukamua kuna njia panda. Ukitia mtama uliosagwa na kuiacha juisi ikae, unapata pombe. Ukiichuja na kuinywa leo, ni kinywaji cha mtoto, cha bibi, na cha Muislamu wa Ujiji asiyetaka shaka. Sehemu ngumu ya ufundi, kwa maoni yangu, ni kujua pa kuishia.

Soda ilikuja kwa njia ya kinyume. Mwaka 1767, mjini Leeds, Uingereza, mchungaji Joseph Priestley aliishi jirani na kiwanda cha bia. Aliweka maji juu ya pipa la bia iliyokuwa ikichacha, gesi ikayaingia, yakawa na mchomo. Mwaka 1783 Jacob Schweppe wa Geneva akaigeuza hewa hiyo biashara. Kisha wakaja wauza dawa wa Marekani na sukari yao: John Pemberton na Coca-Cola mwaka 1886, Caleb Bradham na kinywaji kilichokuja kuitwa Pepsi mwaka 1893. Yaani kinywaji cha wasiolewa kilianzia juu ya pipa la pombe, wakati juisi ya ndizi hubaki juisi kwa kuikimbia pombe.

Sina ugomvi na soda. Kigoma ina reli tangu 1914, na bidhaa za viwandani zilishazoeleka mjini zamani. Jua la Ujiji likiwaka, Stoney Tangawizi baridi, ya chupa ya kioo, ni neema; anayebisha hajatembea mchana kutoka mtaa wa Mwanga hadi mwaloni. Tofauti ni kwamba chupa ile ina ladha ileile Kigoma na Tanga, leo na mwezi ujao. Juisi ya ndizi hubadilika kwa shimo, kwa mkono na kwa saa.

Kwa hiyo ukipanda Kasulu, ulizia iliyokamuliwa asubuhi hiyohiyo, na uinywe hapohapo. Usiifunge kwenye chupa kwa safari ya treni ya Dar es Salaam: itachachia njiani, na kizibo kikiruka, nguo za abiria wa jirani utazifua wewe.